Riba Iliyoshuka, Mikopo Iliyotoweka

*Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 Kenya iliamuru bei ya mkopo ishuke, nayo ikashuka. Yaliyowapata wakopaji wadogo, Hazina na Benki Kuu baada ya hapo bado yanabishaniwa hadi leo.*

Mwaka 2017 pesa ilikuwa na bei mbili katika mtaa mmoja wa Nairobi. Ndani ya benki, mkopo ulikuwa asilimia 14 kwa mwaka, na hakuna benki iliyoruhusiwa kudai zaidi. Nje ya mlango huohuo, aliyeshika simu aliweza kuingia M-Shwari, akakopa Sh10,000 kwa ada ya asilimia 7.5, na akatakiwa kurudisha Sh10,750 kabla ya siku 30 kwisha. Akiufanya upya mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima, ada peke yake inafika Sh9,000. Ule wa benki, hata mkopaji akikaa na Sh10,000 zake mwaka mzima bila kupunguza senti, riba yake ni Sh1,400.

Kwa hesabu hiyo hakuna ambaye angepaswa kukopa kwa simu. Walikopa, tena kwa mamilioni, na walijua kuzidisha kama anavyojua msomaji wa makala haya. Tatizo ni kwamba mkopo wa Sh1,400 haukuwa ukiuzwa kwao. Muuza mboga wa soko la Marikiti asiye na hati ya mshahara, hati ya shamba wala kitabu cha gari angepokewa vizuri benki, apewe fomu ajaze, na asisikie tena habari zake. Bei nafuu ilikuwepo, bidhaa haikuwepo. Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba sheria ya 2016 haikupunguza hata kidogo gharama ya kumkopesha mtu wa aina hiyo. Ilichofanya ni kukataza gharama hiyo isilipwe waziwazi, na kwa hivyo ikalipwa kwa njia nyingine na watu wengine.

Kilio kilikuwa cha haki

Wanaoidhihaki sheria hiyo leo husahau ilikotoka. Kabla ya kupitishwa kwake, wastani wa riba ya mikopo benkini ulikuwa karibu asilimia 18, ilhali mwenye akaunti ya kawaida ya akiba aliambulia kiduchu. Pengo kati ya kile benki inachomlipa mwenye akiba na kile inachomtoza mkopaji lilikuwa pana, na kila mwaka benki kubwa zilitangaza faida za kutajika huku wateja wakisoma magazeti na kukuna vichwa. Tangu riba zilipoachiwa soko mwaka 1991, wabunge hawakuacha kujaribu kuzirudisha chini ya amri. Mbunge wa Gem, Joe Donde, alipitisha mswada wake mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kanuni inayofanana sana na ya baadaye: riba isizidi pointi nne juu ya riba ya hati za Hazina za siku 91. Suala hilo likaishia mahakamani.

Mwaka 2014 Benki Kuu ilijaribu njia ya upole. Ikaanzisha kiwango cha marejeo kilichoitwa KBRR, ambacho kila benki ingekitumia kama msingi na kisha kuongeza kiasi chake yenyewe, kilichopewa jina la herufi K. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Kwa vitendo K ilikuwa mfuko usio na sakafu: benki iliweka humo hatari ya mteja, kodi ya jengo, mishahara na faida, na mteja hakuwa na namna ya kujua kipi ni kipi. Hapo ndipo Mbunge wa Kiambu, Jude Njomo, alipopata sikio la Bunge. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini mswada wa Njomo tarehe 24 Agosti 2016, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, ingawa Benki Kuu ilikuwa imepinga. Hisa za benki zikaporomoka katika Soko la Hisa la Nairobi. Sheria ikaanza kazi Septemba 14.

Kifungu chenyewe, 33B cha Sheria ya Benki, kilikuwa kifupi. Riba ya mkopo isizidi pointi nne juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, yaani CBR. Mwenye akiba yenye kuzaa riba asipewe chini ya asilimia 70 ya kiwango hicho. Siku chache baadaye Benki Kuu ikashusha CBR kutoka asilimia 10.5 hadi 10, kwa hivyo mkopo ukawa na dari ya asilimia 14 na akiba ikawa na sakafu ya asilimia 7. Ni nadra sheria moja kuweka dari na sakafu katika chumba kimoja.

Hesabu ya Sh244

Tumpe afisa wa mikopo kalamu na karatasi. Anao wateja 100 wanaoomba Sh10,000 kila mmoja kwa mwaka, jumla ni Sh milioni 1. Kwa dari ya asilimia 14 atakusanya riba ya Sh140,000 wote wakilipa. Pesa anazozikopesha ni za wenye akiba, na hao wanadai asilimia 7, yaani Sh70,000. Tuseme wateja wanne kati ya mia wanashindwa kabisa kulipa, kiasi ambacho kwa mikopo isiyo na dhamana si kikubwa. Hapo benki inapoteza Sh40,000 za mtaji na Sh5,600 za riba. Kinachobaki ni Sh24,400, au Sh244 kwa kila mteja. Humo humo utoke mshahara wa afisa, ada ya kuulizia historia ya mteja kwa CRB (ofisi ya taarifa za mikopo), umeme wa tawi, na nauli ya kwenda Gikomba kumtafuta aliyechelewa. Nauli peke yake inaimaliza.

Sasa ondoa dari, uweke asilimia 20. Riba inakuwa Sh200,000, toa Sh70,000 za wenye akiba, toa Sh48,000 za wale wanne walioshindwa, zinabaki Sh82,000. Hizo ni Sh820 kwa mteja, na afisa anaweza kuanza kufikiria. Mkopaji atalipa Sh2,000 kwa mwaka, Sh600 zaidi ya bei ya kisheria na Sh7,000 chini ya bei ya simu. Tarakimu za walioshindwa ni za mfano tu, na ukizibadilisha majibu yatasogea huku na huku. Mwelekeo hautageuka: gharama nyingi za mkopo hazipungui mkopo unapokuwa mdogo. Faili la Sh10,000 linakula muda uleule wa faili la Sh milioni 1.

> Sheria ilimkinga mkopaji mdogo na riba ya asilimia 20, ikamwacha mbele ya ada inayofika asilimia 90 kwa mwaka.

Hili ndilo ambalo vitabu vya mwanzo vya uchumi huliita ukomo wa bei. Bei ikiwekwa chini ya pale ambapo wanunuzi na wauzaji wangekutana, wanaotaka bidhaa huongezeka na wanaoitoa hupungua. Uhaba unaozaliwa hapo hauna budi kugawanywa kwa kitu kingine kisichokuwa bei: foleni, kujuana, dhamana, au sura ya mteja. Serikali ya Kenya yenyewe ilionyesha upande wa pili wa jambo hili Mei 2017, ilipoamua pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe Sh90. Safari hiyo Hazina ilifidia tofauti kwa ruzuku ya mahindi. Unga uliadimika katika baadhi ya maduka, lakini angalau bili ilikuwa na mlipaji aliyejulikana. Kwa mikopo hakuna aliyefidia chochote. Bili aliipata aliyenyimwa, naye hakutumiwa hata risiti.

Haki itendeke hapa: mikopo ya simu haikuzaliwa na sheria hii. M-Shwari ilianzishwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, na kampuni nyingine za mikopo ya simu zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni kabla ya Septemba 2016. Zingekua vyovyote vile. Ila ni vigumu kuiacha kejeli hii ipite: aliyekuwa nyuma ya M-Shwari ni benki, chini ya sheria ileile, na mkopo wake ulipita chini ya dari kwa sababu malipo yake yaliitwa ada ya huduma badala ya riba.

Hoja nzito kuliko zote

Watetezi wa ukomo wana hoja moja ambayo wapinzani wao wengi hukwepa kuijibu, nayo imo katika vitabu vilevile vya mwanzo. Somo la kwamba ukomo wa bei huleta uhaba linadhani soko lina ushindani. Kukiwa na muuzaji mmoja, au wachache wanaoelewana, mambo hubadilika. Muuzaji wa namna hiyo hupunguza bidhaa makusudi ili bei ipande. Mwekee ukomo uliopimwa vizuri, naye hana tena sababu ya kubana bidhaa. Atauza zaidi kwa bei ndogo. Kwa maneno mengine, kama benki za Kenya zilikuwa genge, dari ya asilimia 14 ingeongeza mikopo, na wanaopiga kelele za soko huria wangekuwa wamekosea tangu mwanzo.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba inapimika. Ikiwa dari ilikata faida ya genge tu, mikopo ingeongezeka au angalau ingewafikia watu wengi zaidi. Ikiwa ilikata gharama halisi, mikopo ingepungua na kuhamia kwa wakopaji wakubwa na wenye dhamana. Ripoti ya Benki Kuu ya mwaka 2018 kuhusu athari za sheria ilionyesha idadi ya akaunti za mikopo ikipungua huku wastani wa ukubwa wa mkopo mmoja ukipanda. Benki zilikuwa zikiwakopesha watu wachache zaidi kiasi kikubwa zaidi. Genge lililobanwa na dari lingepanuka kwenda chini, kwa wateja wadogo. Benki hizi zilipanda juu.

Tuseme basi kwamba zilifanya hivyo kwa hila, zikigoma ili kumchosha mwanasiasa. Zilikuwa na kila sababu ya kutaka sheria ife, na si siri kwamba zilipiga kampeni. Lakini benki zilikuwa takriban 40, kubwa na ndogo, zinazopigania wateja walewale. Mgomo wa miaka mitatu wa watu wengi hivyo unahitaji asitokee hata mmoja wa kuuvunja. Kama kulikuwa na faida ya kumkopesha fundi viatu kwa asilimia 14, benki ndogo yenye njaa ingeifuata hata gizani. Tena benki ndogo ndizo zilizoumia zaidi, kwa sababu zilizoea kuwavuta wenye akiba kwa riba kubwa na kukopesha wateja wa hatari kwa riba kubwa zaidi. Sheria iliyokusudiwa kuwanyoosha wakubwa iliwapunguzia washindani.

Lipo pingamizi jingine, na hili linastahili kukubaliwa waziwazi. Kasi ya ukuaji wa mikopo kwa sekta ya kibinafsi ilikuwa imeanza kuanguka kabla ya sheria. Katikati ya 2015 mikopo ilikuwa ikiongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Sheria ilipoanza, kasi ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 5. Katikati ya tarehe hizo Dubai Bank ilifungwa Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba 2015, na Chase Bank ikawekwa chini ya usimamizi Aprili 2016. Baada ya mshtuko huo kila meneja alikuwa mwoga. Ukaja ukame, kisha uchaguzi wa Agosti 2017 uliofutwa na Mahakama ya Juu na kurudiwa Oktoba. Kwa hivyo mtu anayeinyooshea sheria hii kidole kwa anguko lote, hadi chini ya asilimia 2 kufikia Agosti 2017, anatia chumvi. Sehemu kubwa ya mteremko ilikuwa imekwisha kupita. Kilicho cha sheria ni mambo mawili: kasi ilikaa chini kwa muda mrefu baada ya hofu ya benki kuanguka kupungua, na mikopo iliyobaki ilibadilisha wenyewe.

Mkopaji asiyeshindwa

Pesa iliyomkwepa muuza mboga haikulala kabatini. Mwaka 2017 hati ya Hazina ya siku 364 ililipa karibu asilimia 11. Mrudishe afisa wetu kwenye karatasi yake: Sh milioni 1 zilezile zikinunua hati hiyo zitaleta Sh110,000, toa Sh70,000 za wenye akiba, zinabaki Sh40,000. Hapo hakuna aliyeshindwa kulipa, CRB haiulizwi na nauli haihitajiki. Wale wateja mia walimwachia Sh24,400 kabla hajalipa mshahara. Gharama ya kweli ya jambo lolote ni kile unachokiacha ili ulipate, na kwa benki gharama ya kumkopesha raia ilikuwa kuiacha Serikali.

Serikali nayo ilikuwa na kiu. Mwaka wa fedha wa 2016/17, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ikielekea kuzinduliwa, nakisi ya bajeti ilikuwa karibu asilimia 9 ya Pato la Taifa. Bila ukomo, mkopaji mkubwa kiasi hicho angewasukuma wengine kwa kupandisha riba ya soko, na benki zingeweza kuwatoza watu binafsi zaidi ili nao wabaki mezani. Chini ya ukomo, wao hawakuwa na ruhusa hata ya kuongeza dau. Katika mnada huo Hazina peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kuinua mkono juu ya asilimia 14, na haikuhitaji hata kufika huko.

Sidhani kuna aliyekaa ofisini akapanga hivyo. Ila ni vigumu kutotambua kwamba sheria iliyopitishwa kwa jina la mwananchi ilimnufaisha kwanza mkopaji mkubwa kuliko wote nchini, aliye pia mtunga sheria.

Usukani uliofungwa kinyume

Hadi hapa tumekuwa katika soko moja. Kosa kubwa zaidi la kifungu cha 33B linaonekana ukitazama uchumi wa nchi nzima, na kwa maoni yangu hili peke yake lilitosha kukiondoa.

Kazi ya CBR ni kuongoza kasi ya uchumi. Biashara zikizorota, Kamati ya Sera ya Fedha huishusha. Pesa huwa nafuu kwa benki, mikopo huongezeka, watu hununua, viwanda huajiri. Bei zikipanda kwa kasi, kamati huipandisha na mambo hutulia. Somo hili hufundishwa wiki za mwanzo za darasa la uchumi mpana. Sasa ifunge dari ya riba ndani ya CBR hiyohiyo. Kamati ikishusha CBR kwa nusu pointi ili kuchangamsha biashara, dari nayo inashuka nusu pointi, na wale waliokuwa wamebaki ukingoni mwa kukopesheka wanadondoka. Ikiipandisha ili kubana matumizi, dari inapanda, na wateja waliokuwa nje wanaingia. Dereva anakata kulia, gari linakwenda kushoto.

> Kushusha riba ya Benki Kuu kulikusudiwa kufungua mikopo. Chini ya kifungu cha 33B, kulishusha dari pia.

Haya hayakubaki katika nadharia. Machi 2018 CBR ilishushwa hadi asilimia 9.5, dari ikawa 13.5. Julai ikashushwa hadi 9, dari ikawa 13. Mwishoni mwa 2018 mikopo ya sekta ya kibinafsi ilikuwa ikikua kwa asilimia kama 2.4 tu, chini ya mfumko wa bei, maana yake kwa thamani halisi ilikuwa ikisinyaa. Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, na kamati yake walionya hadharani kwamba sera ya fedha ilikuwa ikitoa matokeo ya kinyume. Shirika la Fedha la Kimataifa lilifanya kuondolewa au kurekebishwa kwa sheria hiyo kuwa sharti katika mazungumzo ya mkopo wa tahadhari, jambo lililowapa watetezi nafasi ya kusema kwamba wazungu wanatutungia sheria. Walikuwa na haki ya kuudhika. Hesabu ya usukani haikubadilika kwa sababu ya nani aliyeitamka.

Kulikuwa na dosari ya kikatiba pia. Kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kinaipa Benki Kuu uhuru wa kutoelekezwa na mtu wala mamlaka yoyote katika kazi zake. Tarehe 14 Machi 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba maneno ya kifungu cha 33B yalikuwa na utata unaokiuka Katiba, ikalipa Bunge miezi 12 kuyarekebisha. Bunge halikufanya haraka. Mwaka uliotangulia lilikuwa limekwisha kuiondoa sakafu ya akiba, ile asilimia 70, na kuiacha dari ikining'inia peke yake, kwa hivyo mwenye akiba ndiye aliyekuwa wa kwanza kutolewa kafara. Mwishowe Rais aliurudisha Mswada wa Fedha wa 2019 akitaka ukomo uondolewe. Wabunge walihitaji theluthi mbili, yaani 233 kati ya 349, ili kumpinga. Hawakufika idadi hiyo ukumbini, na Novemba 7 sheria ikafutwa.

Kwa nini Sacco iliweza

Mpinzani makini atauliza: kama mkopo mdogo hauwezi kuwa nafuu, mbona Sacco nyingi za Kenya, yaani vyama vya akiba na mikopo, hukopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, chini ya ile dari, wala hazikulazimishwa na mtu? Swali hili naliona kuwa la maana kuliko mengine yote, kwa sababu jibu lake linaonyesha nini hasa hushusha bei ya mkopo.

Mwanachama wa Sacco amekwisha kuweka akiba humo kwa miezi, na kwa kawaida hakopeshwi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Ana wadhamini wenzake, mara nyingi wa ofisi moja au njia moja ya matatu, ambao akikwepa watakatwa wao. Akiwa ameajiriwa, marejesho hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Kwa utaratibu huo wale wanne wanaoshindwa kati ya mia wanapungua, na kumtafuta aliyechelewa hakuhitaji nauli kwa sababu mdhamini wake anakaa naye meza moja. Sacco imeishusha gharama yenyewe, na bei ikafuata. Kifungu cha 33B kilitaka bei itangulie na gharama ifuate, na gharama haijawahi kutii amri ya namna hiyo.

Wala soko lililoachiwa halimfikii kila mtu. Wanauchumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walionyesha mwaka 1981 kwamba hata pasipo sheria yoyote benki huweza kukataa kumkopesha mtu aliye tayari kulipa riba kubwa zaidi, kwa hofu kwamba mtu wa namna hiyo ndiye mwenye uwezekano mdogo wa kulipa. Riba ikipanda mno, waangalifu hujiondoa na wacheza kamari hubaki. Kwa hivyo wapo wauza mboga ambao wangenyimwa mwaka 2015, wakanyimwa 2017, na wananyimwa sasa. Anayedai kwamba kuondoa ukomo kungewafungulia wote mlango anauza ndoto nyingine.

Herufi K yarudi

Yaliyofuata baada ya Novemba 2019 hayakumpa yeyote sababu ya kushangilia. Miezi minne baadaye Covid-19 iliingia Kenya. Shilingi ikadhoofika, na kufikia Februari 2024 CBR ilikuwa imepandishwa hadi asilimia 13. Ilipoanza kushushwa Agosti 2024, wakopaji walisubiri kuona riba zao zikifuata. Mwishoni mwa mwaka huo wastani wa riba ya mikopo ulikuwa bado karibu asilimia 17. Benki zilieleza kwamba zilikuwa zimefungwa na akiba zilizochukuliwa kwa riba kubwa, sababu yenye ukweli kiasi, lakini CBR ilipopanda hazikuchelewa hivyo kupandisha. Benki Kuu ilitishia kuzikagua na kuzitoza faini. Kufikia Desemba 2025 CBR ilikuwa asilimia 9.

Ukiangalia mwendo huo, hasira iliyomzaa Donde na Njomo bado ipo, na mswada mwingine wa ukomo si jambo la kushangaza ukitokea. Safari hii Benki Kuu imetangulia. Agosti 2025 ilitangaza kanuni mpya ya kupanga riba: msingi ni KESONIA, wastani wa riba ambayo benki hukopeshana usiku mmoja kwa shilingi, kisha benki inaongeza kiasi chake. Kiasi hicho kimepewa jina la K.

Ni herufi ileile ya 2014, na mwenye kumbukumbu ana haki ya kuguna. Tofauti inayodaiwa ni kwamba K ya sasa imegawanywa: gharama za uendeshaji, faida ya wenye hisa, na hatari ya mkopaji mwenyewe, na benki zinatakiwa kutangaza riba na ada zake ili zilinganishwe. Kati ya sehemu hizo tatu, ya pili ndiyo ambayo ushindani unaweza kuipunguza mara moja. Ya kwanza hupungua polepole, kwa teknolojia na kwa benki kuacha kujenga matawi ya vioo. Ya tatu inategemea kama muuza mboga ana historia inayosomeka, na kwa sasa historia yake iliyo kamili zaidi imo ndani ya simu, mikononi mwa kampuni inayomkopesha kwa mwezi. Wakopeshaji wa kidijitali wasio benki wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu tangu sheria ya 2021. Kanuni ya KESONIA na K ni ya benki, na wao hawamo.